Soksi ya Bluu na Miaka Mitatu ya Gaston

Bagira, Jumapili, saa tisa za mchana

Gaston mwanangu,

Mimi baba yako, planton, yaani tarishi wa ofisi, wa daraja la kwanza, mwenye kofia ya serikali na kifungo cha shaba, natangaza mbele ya wote wenye macho na masikio kwamba leo, baada ya msako wa siku mbili ulioshughulisha watu wanne, jirani mmoja na mbuzi aliyeshukiwa bure, soksi yako ya bluu ya mguu wa kushoto imepatikana. Haina tundu. Mbuzi ameombwa radhi.

Ilipatikana wapi, nitakuambia mwishoni. Nikikuambia sasa hutasoma mengine.

Umekwenda Kadutu kuaga wenzako wa ekipe ya mpira, na mvua imekufungia huko. Naishukuru. Mama yako yuko kanisani. Nimekaa kwenye meza yake ya kupigia pasi, naandika nyuma ya fomu za kuandikisha mbwa ambazo ofisi ilizitupa kwa kuwa zilichapwa upande. Unanijua, siwezi kuona karatasi inatupwa. Kusoma kwenyewe nilijifunza kwenye kapu la takataka la ofisi, na mpaka leo najua Kifaransa kingi cha barua zilizokataliwa.

Sitakuambia uvae triko la sufu kule Ulaya. Mama yako amekuambia mara tatu, na jirani mara mbili, yeye ambaye hajawahi kusikia baridi kupita ile ya kijiji cha Miti. Sitakuambia usali. Padri amekwisha kuchukua nafasi hiyo. Mimi nimebakiwa na jambo moja tu, nalo ni baya, na kesho asubuhi ndege ikikuchukua litakuwa baya zaidi kwa sababu nitakuwa sikulisema.

Huna miaka ishirini na minne. Una ishirini na mmoja. Karatasi ya kuzaliwa unayosafiri nayo si yako. Ni ya kaka yako.

Pumzika kidogo hapo. Mimi mwenyewe nimesimama, nimekwenda mlangoni, nimerudi.

Ulikuwa na kaka mkubwa, jina lake Gaston. Alizaliwa tulipokuwa tunakaa Kadutu, katika nyumba ya udongo yenye mlango usiofungika. Nilimwandikisha siku ile ile. Nilikuwa mgeni kazini, na kuona jina nililolichagua mimi linaandikwa na karani kwa wino mweusi, herufi zimenyooka kama askari, kulinilevya kuliko pombe ya kasiksi. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Surua ilimchukua hata jino hajaota. Tulimzika Nyangezi, kwao mama yako. Nilipewa ruhusa ya siku mbili. Siku ya tatu nilirudi ofisini na tangazo la kifo ndani ya mfuko wa koti. Nililiandika mwenyewe. Ilikuwa hati ya kwanza niliyowahi kuandika maishani, na ilikuwa na kosa moja tu.

Sasa nikueleze kazi yangu ilivyokuwa. Watu walitoa matangazo yao dirishani, mimi nikayabeba mpaka kwa karani wa rejista. Yeye alifungua kitabu kikubwa, akatafuta jina, akaweka rula ya mti chini yake, akachovya kalamu katika wino mwekundu, akapiga mstari kutoka kushoto mpaka kulia. Halafu akapuliza ili ukauke. Nilikuwa nimeona majina mengi yakipita chini ya rula ile, na mara zote nilisimama pale nikiwaza chakula cha mchana.

Asubuhi ile nilisimama mbele yake na mkono mfukoni. Akaniuliza, "Kuko kingine?" Nikasema, "Hapana." Nikajiambia: kesho. Kesho yake nikajiambia hivyo hivyo. Nilikuwa na kesho nyingi sana, Gaston. Mwisho mama yako akafua koti. Akatoa mfukoni kitu kama uji, akauliza, "Hii ni nini?" Nikasema, "Ya kazi." Akakianika juu ya ukuta wa nje. Kikakauka, kikawa kigumu kama kipande cha muhogo, na herufi hata moja haikuonekana.

Basi kwa serikali kaka yako akaendelea kuishi. Alikua vizuri. Hakuugua.

Ndipo ukazaliwa wewe, miaka mitatu nyuma yake. Karatasi ilikuwapo, jina lilikuwapo, mtoto sasa alikuwapo. Kichwa kama changu kikaona hakuna tena kinachokosekana. Mama yako alikuwa amelala na wewe kifuani, akasema, "Huyu hapana Gaston. Huyu ni Murhula."

Nikamwambia, "Hapa nyumbani atakuwa Murhula. Kwa serikali atakuwa Gaston."

"Na yeye mwenyewe atakuwa nani?"

Nikamjibu kwamba nimechelewa kazini.

Umekua ukiamini Murhula ni jina la kukudekeza tu, kwamba mama yako amezoea lugha ya kwao, Mashi, na ulimi wake hauwezi kusema "Gaston". Mimi ndiye niliyekuambia hivyo, na tulicheka pamoja, mimi na wewe, kwenye meza hii hii. Anaweza. Analisema vizuri kuliko mimi. Amelisema jina lile mbele ya kaburi pale Nyangezi kila mwaka aliposema anakwenda kumsaidia dada yake kuvuna maharagwe. Dada yake analima viazi.

Shule unaikumbuka. Ila hukumbuki jinsi ulivyoingia. Wakati ule walimu hawakuamini karatasi peke yake. Mtoto alipitisha mkono wa kuume juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Akilifikia, umri umetimia. Asipolifikia, arudi kwa mama yake. Karatasi ilisema una miaka minane. Ulikuwa na mitano. Wiki mbili nzima, kila nilipotoka kazini, nilikukalisha kibaoni nikauvuta mkono wako polepole, kama mtu anayevuta kamba ya kiatu iliyo fupi. Wiki ya kwanza ulicheka, ulidhani ni mchezo. Wiki ya pili uliacha kucheka, lakini ulikuwa unakaa kibaoni mwenyewe kabla sijakuita.

Siku yenyewe ikafika. Vidole vyako viliishia juu ya nywele. Mwalimu, mzee mmoja mrefu mwenye kikohozi, akatikisa kichwa.

"Sikio inasema hapana, planton."

"Mwalimu, karatasi inasema ndiyo."

"Mimi nafundisha mutoto. Sifundishe karatasi."

"Karatasi iko na muhuri, mwalimu."

Akautazama muhuri. Akalitazama sikio lako. Sikio halikuwa na muhuri. Ukaingia.

Niliondoka pale nimevimba kwa fahari, kwa sababu nilikuwa nimemshinda mtu aliyesoma. Sikugeuka kuona unakaa wapi. Baadaye nilisikia walikupanga benchi la nyuma kwa kufuata umri, na kwa muda mrefu ubao ulikuwa huuoni, uliona migongo.

Na mpira pia waliwapanga kwa kufuata umri. Watu wa mji huu wanasema miguu yako ina macho. Yule bwana wa Ulaya aliyekuja kuchagua wachezaji aliandika kwamba chenga zako ni za kuzaliwa nazo. Mimi nakaa kimya nikisikia hayo, maana najua zilitoka wapi. Ulikuwa mtoto mdogo kati ya vijana ambao magoti yao yalikufikia kifuani, na hukutaka kukanyagwa. Ulijifunza kujua mtu atakwenda upande gani kabla yeye mwenyewe hajajua. Sijui kama hiyo inaitwa zawadi.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mvua ianze.

Uwanja wa misioni, siku ya mechi ya shule. Kwa karatasi ulikuwa na kumi, kwa kweli saba. Sisi baba zenu tulisimama kwa mstari, makoti yamefungwa vifungo vyote, kila mmoja akiwa na mtoto wake wa kujivunia. Yule kijana mnene, mtoto wa mchinja nyama, alikuangukia. Ukabaki chini umeshika bega, unalia. Ningeweza kungoja. Mwalimu alikuwa anakuja. Lakini baba mmoja kando yangu akasema, "Mutoto ya planton iko laini," na mimi nikaingia uwanjani na kofia yangu. Nikasema kwa nguvu ili mstari wote unisikie, "Simama! Mutu wa miaka kumi analia nini?"

Ukasimama. Ukafuta uso kwa mkono mmoja, mwingine unaning'inia. Ukacheza mpaka mwisho. Ukafunga na goli, na mimi nikapokea pongezi.

Mama yako alikuwa anapita kutoka sokoni na kitunga kichwani. Aliuona mkono wako kutoka barabarani. Akaweka kitunga chini, akaingia katikati ya uwanja, akakushika, akatugeukia.

"Yeye iko na saba!" akasema. "Munasikia? Saba! Mutoto wangu iko na saba!"

Makoti yote yakacheka. Mmoja akasema, "Mama Gaston, saba ni kuku zako. Hesabu, achia wanaume." Wakacheka tena. Na yeye akanitazama mimi. Hakuwatazama wao hata kidogo. Katika uwanja mzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba amehesabu sawasawa.

Nilicheka nao, mwanangu. Sikucheka sana. Nilicheka kiasi cha kuonyesha meno.

Tangu siku ile mama yako hajahesabu kitu mbele yangu. Akitaka kujua siku zilizobaki kabla ya Pasaka, anakwenda kwa jirani. Akipanga maparachichi ya kuuza anayapanga nyuma ya nyumba. Mimi nimepandishwa madaraja mawili, tumepewa nyumba ya matofali hapa Bagira, nimenunua saa ya ukutani, na bado nasikia midomo yake ikihesabu nyuma ya ukuta.

Kilichovunjika siku ile ni mfupa wa bega. Uguse, kuna uvimbe mdogo upande wa kushoto. Muuguzi alisema umeunga haraka kama mfupa wa mtoto mdogo sana, akatazama karatasi, akanyamaza. Watu wengi wamenyamaza mbele ya karatasi ile.

Nikuambie pia habari ya yule bwana wa Ulaya, kwa maana hapo hukuwapo chumbani. Baada ya mechi waliniita nilete limonadi kwenye ofisi, kwa kuwa kubeba ndiyo kazi yangu. Alikuwa ameweka majina mawili mezani, lako na la Ferdinand, yule winga anayekimbia kama amesahau kitu nyumbani. Alimwambia mkubwa wa ofisi yetu, nami nilisikia kila neno: "Huyu Gaston ndiye bora, hakuna mfano. Shida ni miaka. Ishirini na minne, mwaka wa kwanza atajifunza baridi, halafu imebaki michache. Mchezaji ni kama maziwa. Angekuwa na ishirini na mmoja ningemwandikia misimu minne bila kufikiri."

Akakuandikia msimu mmoja. Ferdinand akapata minne.

Nilikuwa nimesimama pale na chupa mkononi. Ilitosha kufungua mdomo. Nilifungua limonadi.

Usidhani sikujaribu, ingawa nilijaribu kwa njia yangu. Kesho yake nilimwendea karani wa rejista, huyu wa sasa, kijana mwenye miwani, nikamwuliza kwa niaba ya rafiki: mtu akitaka kusahihisha karatasi ya mtoto wake anafanya nini?

"Tribinali, mbele ya hakimu," akasema. "Mashahidi. Miezi sita, labda mwaka. Na huyo rafiki yako, kama iko kazi ya serikali, kazi kwisha."

"Asante, nitamwambia."

"Anafanya kazi gani?"

"Ni planton."

"Ah." Akavua miwani, akaifuta. "Na yeye iko na masharubu kama yako, huyo rafiki?"

"Yangu ni mazuri kidogo."

Akacheka, hakusema kwa mtu. Ni kijana mwema. Mimi nilirudi kwenye kiti changu cha ukumbini nikajiambia kwamba ninanyamaza kwa ajili yako, maana ndege haingoji miezi sita na ekipe ya Ulaya haingoji tribinali. Hiyo ni kweli. Ni kweli nzuri, imenisaidia kulala wiki nzima. Lakini nikiivua koti naona chini yake kofia yenye kifungo cha shaba, na nyumba ya matofali inayokwenda pamoja na kofia. Nilikuwa na mtoto mmoja na kofia moja, Gaston, nikashika kofia.

Ndiyo sababu naandika. Kusema siwezi. Ukinitazama kwa macho ya mama yako nitakueleza habari ya muhuri.

Huko unakokwenda, siku itafika ambapo watu watakaa mezani na kusema miguu yako imezeeka, kwa sababu wamesoma. Wewe unayo miaka mitatu ambayo hawaijui. Usiwaamini wakisema umekwisha. Ukisikia bado una pumzi, ni pumzi yako ya kweli, sio kiburi. Lakini sikiliza na hili: ukichoka, choka. Ukiangushwa, baki chini mpaka muuguzi aje. Hakuna baba huko mstarini. Nilikudai miaka ya mtu mwingine maisha yako yote, nikiona hutoshi. Ulipokuwa na kumi na mbili nilikuuliza kwa nini hujafanana na wa kumi na tano. Ulipoogopa giza nilikuambia mtu mkubwa haogopi. Sikuwa nasema na wewe. Sikujua nasema na nani.

Ndani ya valizi yako, kati ya shati jeupe na kitabu cha sala, nimeweka karatasi mbili. Ya kwanza ni tangazo la kifo cha Gaston. Ya pili ni tangazo la kuzaliwa kwa Murhula. Nimeziandika kwa wino mweusi, nimetia sahihi, nimeweka jina langu, kazi yangu na daraja langu, bila rafiki. Safari hii hakuna kosa. Ukitaka kuzitoa ili ubadilishwe mkataba, zitoe. Ukitaka jina lako, lichukue. Kazi yangu isikuzuie. Na ukiamua kuzichoma ubaki Gaston, hilo nalo ni lako, ila umjue mtu unayembebea jina.

Ningependa nikueleze sura ya kaka yako ilivyokuwa. Nimekaa hapa nikijaribu. Nilikataa jina lake lipigwe mstari, nikaligombania na serikali nzima kwa unyamavu wangu, na uso wake siukumbuki. Nakumbuka mlango usiofungika. Nakumbuka kidole chake kidogo kilichoshika changu. Ukitaka uso, umwulize mama yako, na umwulize leo, ukifika, kabla hujavua viatu.

Nilipomwambia jana kwamba nitakuandikia, alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Akasema, "Umuandikie jina lake juu. Jina lake, papa. Hiyo tu." Sikuweza kuanza nalo. Nimeanza na lile la kwanza kwa sababu mkono umezoea. Basi naanza nalo sasa.

Murhula mwanangu,

Mvua imekatika. Nasikia watu wanapita barabarani, na mmoja anapiga mluzi kama wewe.

Soksi ilikuwa ndani ya mtungi wa maharagwe wa mama yako, chini kabisa, imekunjwa mara nne kama nguo ya mtoto mchanga. Kwa siku mbili amehangaika pamoja nasi kuitafuta, akainua hata godoro, akamsemea vibaya mbuzi. Nilipoiona nilitaka kutoka nayo mbio uani niwaonyeshe wote. Halafu nikaona mikunjo.

Nimeirudisha mule mtungini. Nimesoma tena barua ya ekipe ya Ulaya, ukurasa wa pili. Soksi wanatoa wao.